Bendi tatu, ukumbi mmoja: jinsi ya kuandaa usiku wa muziki wa laivu mtaani kwako

Zamani bendi ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwenye bendi ndiye aliyenunua magitaa, dramsi na mitambo, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Akihama, na walihamahama kweli, aliondoka na sauti yake tu, vyombo vilibaki. Bendi ya kujitegemea ya leo ni kinyume chake. Wanamuziki wapo, nyimbo zipo, jina lipo, vyombo hakuna. Mpiga solo ana gitaa lake na pedali mbili. Mpiga dramsi ana vijiti.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kukusanya bendi tatu za namna hiyo zipige usiku mmoja kwenye ukumbi wa mtaani, ule wa watu mia na hamsini, kaunta upande mmoja na jukwaa la mbao upande wa pili. Nimeandaa usiku wa aina hii hapa Dar kwa miaka kadhaa; mara nyingine mambo yalinyooka, mara nyingine nilirudi nyumbani kwa miguu. Siku hizi nashikilia jambo moja: bendi zikikubali kutumia vyombo vya pamoja, usiku unajilipa. Kila bendi ikija na madai yake, hakuna kiingilio kitakachotosha.

1. Kaone ukumbi usiku

Nenda saa ile ile unayotaka kupiga muziki. Mchana kila ukumbi unapendeza. Usiku ndipo utajua kama jirani wa ukuta wa pili ana mtoto mchanga, kama baa ya ng'ambo inafungulia spika mpaka madirisha yanatetemeka, kama choo kina taa. Simama katikati ya ukumbi, piga kofi moja la nguvu, usikilize. Kofi likirudi kama limepigwa ndani ya pipa, ujue dramsi zitameza maneno ya mwimbaji. Mapazia mazito nyuma ya jukwaa yatasaidia, na watu wakijaa watasaidia zaidi, ila fundi mitambo aambiwe mapema. Halafu tazama juu. Bati tupu lisilo na dari lina shida mbili, joto na mvua. Masika yakishuka kwenye bati hakuna spika itakayofua dafu.

Ukiridhika, muombe mwenye ukumbi mwenyewe. Mhudumu wa kaunta atakukubalia kila kitu, na kesho yake hayupo zamu. Mazungumzo yangu ya kwanza na mama mmoja mwenye ukumbi yalikwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na bendi au na maneno?"

"Bendi tatu, mama. Mlango wetu, kaunta yako."

"Na umeme?"

Hilo la mwisho ndilo swali la mtu aliyewahi kuumizwa. "Mlango wetu, kaunta yako" ndiyo makubaliano ya kawaida: kiingilio chote kinachukuliwa na waandaaji, vinywaji na jikoni vinabaki kwa mwenye ukumbi. Ni makubaliano mazuri, lakini yana mashimo manne ambayo lazima yazibwe kwa maandishi, hata kama ni karatasi moja ya daftari mliyosaini wote wawili: nani ananunua umeme na mafuta ya jenereta, nani analipa walinzi, wageni wangapi wa nyumba wanapita bure, na muziki unazimwa saa ngapi. Shimo la wageni wa nyumba ndilo linalovuja kuliko yote. Usipoweka idadi, kila anayefika mlangoni atakuwa shemeji wa mwenye ukumbi.

2. Chagua tarehe kwa kalenda ya mtaa

Kwanza mshahara. Wikiendi ya mwisho wa mwezi na ile inayofuata watu wana hela mfukoni. Tarehe 18 wana stori tu. Pili, ratiba ya mpira. Usithubutu kupanga onyesho siku ya Simba na Yanga, labda uwe na skrini, na hapo utakuwa umeandaa mpira. Tatu, mwezi mtukufu. Ramadhani kumbi nyingi hupumzika, na siku za mwisho za Shaabani ni za vunja jungu, watu wanajimwaga kabla ya mfungo. Idd Mosi na Idd Pili bendi zenye majina makubwa zinatawala mji. Bendi changa ikijiingiza hapo itapiga kwa viti. Mimi hupendelea Jumapili, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, kwa sababu wanamuziki wengi Ijumaa na Jumamosi wanapiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, mahotelini ili kula, na Jumapili ndipo wanakuwa huru na nyimbo zao wenyewe.

3. Piga hesabu kabla hujaita bendi

Chukua mfano huu, uweke bei za kwenu. Kukodi vyombo pamoja na fundi, shilingi 450,000. Jenereta na mafuta, 120,000. Walinzi wawili, 60,000. Vijana wawili wa mlangoni, 20,000. Mabango na matangazo, 100,000. Chakula cha wanamuziki 17 kwa 5,000 kila mmoja, 85,000. Vibali na mengineyo, tenga 65,000. Jumla ni 900,000. Kiingilio kikiwa 10,000, watu 90 wa mwanzo wanalipa gharama tu. Wakiingia 120 wanaolipa, zinabaki 300,000, yaani 100,000 kwa kila bendi. Gawa kwa wanamuziki 17: kila mmoja anapata 17,000 na ushee. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi na gitaa inaila nusu.

Waambie bendi hesabu hiyo yote, kwa karatasi, siku ya kwanza. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika saa 6 usiku nyuma ya jukwaa kwa sababu mwimbaji alihesabu vichwa ukumbini akazidisha kwa kiingilio, hajui kuhusu jenereta. Ukishafungua daftari, wao wenyewe ndio watakaokuuliza, "Kaka, hapa kwenye vyombo hatuwezi kupunguza?" Hapo ndipo unapotaka wafike.

4. Vyombo vya pamoja na mixa ya njia 16

Bendi tatu, seti moja ya dramsi, ampi moja ya besi, ampi mbili za gitaa, tumba mbili, kinanda kimoja. Kila mpiga dramsi aje na vijiti vyake, na akiweza aje na sinea yake, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, na matoazi yake, maana hivyo ndivyo vinavyobeba tabia ya mkono wake. Mpiga besi na wapiga magitaa waje na magitaa, pedali na waya. Basi. Atakayesema hawezi kupiga bila ampi yake, ailete kwa gari lake.

Sasa hesabu njia za sauti zinazoingia kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Dramsi ukiibana inatumia maiki nne: moja kwenye ngoma kubwa ya mguu, moja kwenye sinea, mbili juu. Tumba mbili. Besi moja. Solo moja, ridhimu moja. Kinanda mbili, kwa sababu kinatoa sauti kushoto na kulia. Waimbaji wanne. Saksafoni au tarumbeta moja. Jumla 16, na mixa ya njia 16 imejaa. Bendi ya pili ikija na udi au zeze, au kikundi cha mchiriku, muziki wa mtaani wa Dar, kikija na kinanda chake kidogo cha Casio na ngoma za kwake, lazima kuna kitu kitapisha. Kinanda kikipita kwa njia moja badala ya mbili, mtaani hakuna atakayejua.

Kwa hiyo kila bendi ikuletee, wiki mbili kabla, mchoro wa jukwaa: nani anasimama wapi, anapiga nini, anahitaji maiki au waya. Penseli inatosha. Upige picha mchoro, umtumie fundi. Fundi mzuri akiona michoro mitatu pamoja atapanga njia zisibadilike kutoka bendi moja hadi nyingine; mwimbaji kiongozi atabaki njia ile ile usiku kucha, na kubadilisha bendi kutachukua dakika 15 badala ya 40. Katika hizo dakika 25 ulizookoa ndimo watu wengi huamua kwenda kula chipsi na wasirudi.

Kuhusu spika za kujisikilizia, zile zinazowekwa miguuni mwa waimbaji: zielekee masikio ya mwimbaji kutoka mbele yake, na maiki izipe kisogo. Maiki ikianza kupiga mluzi, tabia ya wengi ni kuifunika kichwa kwa kiganja. Inazidi. Iache wazi, irudishe mdomoni, fundi apunguze.

5. Umeme, na ule usiku wa chipsi

Soketi ya kawaida ya pini tatu inabeba ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Ampi za jukwaani peke yake hazifiki huko. Tatizo ni wanaokaa nazo kwenye laini moja.

Kuna usiku bendi ya mwisho ilikuwa imeingia kwenye sebene, solo inalia, watu wamevua viatu. Jikoni, dada mmoja akapokea oda ya sahani sita, akawasha jiko la pili la kukaangia. Tak. Giza. Ampi zikanyamaza, mixa ikafa, taa zikafa. Mpiga tumba hakunyanyua kichwa. Nadhani hata hakuona tofauti. Aliendelea, na mpiga dramsi akamfuata, kisha mwimbaji akashuka jukwaani gizani akiimba kwa koo lake, na ukumbi mzima ukamjibu kiitikio. Simu zikawashwa tochi. Kuna mzee alimtafuta mpiga tumba kwa tochi hiyo na kumbandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso lililolowa jasho, ikaganda. Dakika saba. Mpaka leo wapo wanaoniambia ule ujanja wa kuzima taa ulikuwa mtamu, tuurudie. Sikuwahi kuwakatalia. Lakini mixa ile ya kidijitali ilichukua muda kuamka, na ilipoamka ilikuwa imesahau kila kitu tulichopima mchana.

Tangu hapo nafanya hivi. Nakuja na fundi umeme wa kweli, tunafuata waya kutoka kwenye soketi za jukwaa hadi kwenye swichi kuu, tunajua nani yuko laini ipi. Jukwaa linapata laini yake. Majokofu na jiko la chipsi vinakaa kwingine. Mixa inapewa betri ya akiba, ile ya kompyuta, hata ndogo inatosha kuishikilia mpaka jenereta liwake. Jenereta la kVA 5 linatoa wastani wa kilowati 4, linatosha jukwaa na taa chache, jiko usiliunganishe. Na kabla ya chochote, nasoma mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Usicheke. Yuniti zimewahi kuisha ukumbini kwangu katikati ya wimbo wa tatu, na mwenye kuzinunua simu yake haina chaji.

6. Vibali na majirani

Anza mapema kwa afisa utamaduni wa wilaya, atakueleza kinachohitajika kwa onyesho lako. Wasanii wanasajiliwa na maonyesho yanapewa vibali chini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na masuala ya hakimiliki ya muziki yapo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Bendi zikipiga nyimbo za watu wengine, uliza mapema. Pita serikali ya mtaa na kituo cha polisi pia.

Kelele usizichukulie kirahisi. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imekuwa ikifungia baa na kumbi kwa sababu hiyo, na ukumbi ukifungiwa anayeumia ni yule mama aliyekuamini. Tembea nyumba kumi za karibu, ueleze siku na saa ya kumaliza, uwaachie namba yako. Jirani mwenye namba yako atakupigia wewe kwanza. Ndani ya ukumbi nako, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kiwango cha kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15. Programu ya simu itakupa makadirio tu, lakini ikisoma 108 mbele ya jukwaa, mshike fundi bega.

7. Tangaza saa, uiheshimu

Bango liwe na vitu vitano: majina ya bendi, siku na tarehe, saa, mahali, kiingilio. Nembo za watu waliochangia maji ziende chini kabisa. Saa iandike kwa ukamilifu, "saa 12 jioni". Niliwahi kuandika "saa 1" tupu, na wageni wawili kutoka Ujerumani wakafika mchana wa jua kali, wakakaa wakinywa soda saa sita nzima. Walikuwa watu wema.

Kinachovuta watu kuliko bango ni video ya sekunde 30 ya mazoezi, sauti ikiwa safi, bendi ikicheka. Kila mwanamuziki aiweke kwenye status yake ya WhatsApp. Wanamuziki 17 wenye watu mia mbili kila mmoja wanakuzidi wewe na ukurasa wako. Vijiwe vya bodaboda vya karibu vipewe vipeperushi na ahadi ya wateja wa kurudi nyumbani usiku, watakutangazia bure. Gari la matangazo naliona ni kelele na hela, ila mitaa ya pembeni bado linafanya kazi.

8. Siku yenyewe

Vyombo vifike saa 6 mchana. Kupima sauti kuanze saa 8, na kuendeshwe kinyumenyume: bendi itakayopiga mwisho inapima kwanza, itakayofungua inapima mwisho. Hivyo ya kufungua inaacha kila kitu mahali pake, na milango ikifunguliwa jukwaa liko tayari. Andika au piga picha vitufe vya mixa kila bendi inapomaliza. Kila moja ipewe dakika 30, na ipige wimbo mmoja kamili, wote pamoja. Yule anayesimama dakika kumi akisema "moja, mbili, cheki" peke yake anamfurahisha nani?

Chakula cha wanamuziki kiwe saa 10, kabla ya watu. Ukichelewesha, utamkuta mpiga besi kwenye foleni ya mishikaki wakati bendi yake inaitwa.

Mpangilio wa bendi hutegemea mashabiki kuliko umaarufu. Bendi yenye ndugu na majirani wengi hapo mtaani ifungue, kwa sababu hao wanakuja mapema na watoto. Ngumu kuizoea ikae katikati. Ya kuchezesha ifunge. Dakika 40 kwa mbili za mwanzo, saa moja kwa ya mwisho. Muongozaji awe na saa mkononi na ujasiri wa kumuonyesha mwimbaji vidole viwili, yaani nyimbo mbili, basi.

Mtu mmoja arekodi laivu kutoka kwenye mixa, kamera moja isimame bila kutikisika. Bendi changa zinazotamani majukwaa kama Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004 na linalosisitiza muziki upigwe laivu, zinahitaji ushahidi kwamba zinaweza kusimama jukwaani bila kusaidiwa na kompyuta. Usiku wako ndio ushahidi huo.

9. Mlango na tuzo

Mlangoni wakae wawili wasiojuana sana, kitabu cha tiketi chenye namba, na muhuri wa mkononi. Anayelipa kwa simu aonyeshe ujumbe ulioingia kwenye simu ya mlangoni. Wa kwake hautoshi. Kila saa moja hela zihamishwe kwenda kwa mtu mmoja ndani, na namba ya tiketi ya mwisho iandikwe. Tajiri akitaka kulipa laki kwa meza nzima, mpokee kwa mikono miwili, umkatie tiketi zake kama wengine.

Tuzo za jukwaani zina kesi zake. Shabiki akipanda kumtunza mwimbaji kwa kumwagia noti, hela hizo ni za nani? Kwenye bendi nyingine ni za aliyetunzwa, kwenye nyingine zinaingia kapu la wote. Hiyo ni sheria ya kila bendi, usiiamulie. Kazi yako ni kuhakikisha kila bendi imeshaamua kabla ya kupanda, na kwamba kuna kijana wa bendi husika anayeokota. Asiokote mlinzi wako.

10. Kabla ya kuzima taa

Lipa fundi kwanza, yeye na vijana wake wa kubeba. Walifika wa kwanza na wanaondoka wa mwisho. Kisha walinzi. Kisha keti na kiongozi wa kila bendi, meza moja, wote watatu pamoja, vishina vya tiketi mezani, daftari wazi, mgawane hapo hapo. Wakati huo kijana mmoja ahesabu maiki na waya kwa orodha ya kukodi. Mara ya mwisho tulikuwa tumekodi maiki kumi na moja, tukahesabu kumi mara tatu. Ya kumi na moja tuliikuta ndani ya tumba, imejikunja na waya wake, bado iko moto.